Zamu ya Mlimani

"Usiwafungulie wote, Bawabu," alisema mkuu wa zamu. "Tutaanguka tena."

Bawabu hakuhitaji kuambiwa. Asubuhi umeme ulikatika kwenye jengo la mitambo ya simu, betri za akiba nazo zikawa za jina tu, na nchi nzima ikapoteza mtandao. Sasa umeme ulikuwa umerudi, na kila simu, kuanzia ya waziri hadi ya muuza karanga, ilikuwa inabisha hodi kwa wakati mmoja: mimi hapa, nitambue, niingize. Mtambo mkuu ulijaribu kuwapokea wote kwa mpigo, ukazidiwa, ukazimika. Kazi ya Bawabu, ndiyo iliyompa jina hilo la utani, ilikuwa kukaa mlangoni na kuwaingiza watu kidogo kidogo, eneo baada ya eneo, waliobaki akiwarudisha kistaarabu na jibu la kuwataka wasubiri.

Mjini kwanza, kwenye hospitali na zimamoto. Kisha viwandani. Mlimani mwisho, kwa sababu watu wa huko ni wachache. Utaratibu huo aliupanga mwenyewe, na wenzake walimtania kwamba amewatupa ndugu zake mkiani asije akaonekana ana upendeleo. Alicheka pamoja nao.

Dada yake aliishi mlimani, mwendo wa siku nzima kwa basi. Ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, akashona sare za watoto wa watu mpaka mdogo wake akamaliza chuo. Alikuwa na pumu, na ikimbana hakuwa na pumzi hata ya kufukuza kuku. Kwa hiyo Bawabu alimwekea mpango. "Usijisumbue kuita watu, dada. Bonyeza namba moja tu, simu itanipigia yenyewe, nami nitampigia jirani mwenye gari." Na kwa kuwa mafundi hawaachi kufundisha, akaongeza: "Mtandao ukikataa, zima simu, washa tena." Dada yake alikuwa mtu wa kufuata maelekezo.

Aliitafuta namba yake kwenye skrini, akijiambia anaangalia tu. Aliikuta miongoni mwa waliorudishwa. Simu ya mtu aliyetulia hubisha, ikikataliwa hungoja kama ilivyoambiwa. Hii haikungoja. Ilizimwa, ikawashwa, ikabisha, ikakataliwa, ikazimwa, ikawashwa. Kila jibu la kukataliwa lilitoka kwenye amri aliyoiandika yeye. 

Alinyakua simu ya mezani akampigia jirani. Hakupatikana. Jirani naye alikuwa mlimani, nje ya mlango uleule.

"Una nini wewe?" aliuliza mkuu wa zamu. "Mficha uchi hazai."

"Dada yangu ananitafuta, mama. Nadhani pumu imembana."

Mama yule alivaa miwani, akainama kwenye skrini. "Huwezi kumwingiza yeye peke yake?"

"Huu mlango haujui mtu, unajua eneo. Nikimfungulia yeye nimewafungulia wote wa mlimani."

"Si wachache? Wafungulie. Lawama nitabeba mimi."

Bawabu alitazama mzigo wa mtambo. Huko mjini pia watu walikuwa wameishiwa subira, wanazima na kuwasha, na mtambo ulikuwa umejaa pomoni. Hao wachache wa mlimani wangetosha kuuangusha. Ukianguka, hospitali zinatoka tena mtandaoni, foleni inaanza upya, na dada yake anabaki nje pamoja na kila mtu. Alitaka kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani.

"Bado," alisema.

Namba ikabisha tena, ikakataliwa. Ikakaa kimya kwa muda, ikabisha. Alianza kumsemesha chini kwa chini, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa: usiizime, dada, iache iwake, iache tu itaingia yenyewe. Alimlaani fundi aliyemfundisha dada kuzima na kuwasha, ndiye yeye mwenyewe. Akangoja namba ibishe tena, hata ikataliwe, mradi ibishe. Haikubisha.

Mzigo uliposhuka alifungua mlimani. Simu za huko ziliingia taratibu na mtambo haukutikisika. Ya dada yake haikuwamo. Wenzake walipiga makofi, mmoja akampiga begani akamwambia leo ameokoa ajira za watu. Yeye alikuwa ameshampigia jirani.

"Kwa dada yako? Tangu asubuhi sijamwona," alisema jirani. "Nilidhani yuko kwenye cherehani. Ngoja nivuke."

Alimsikia akivuka barabara, ndala zikiburuza changarawe.

"Redio inaongea humu," jirani alisema, "basi yupo. Na mlango uko wazi. Naingia, usikate."

Bawabu hakukata. Alimsikia mtangazaji akisifu mbolea kwa sauti ya uchangamfu, mbali kidogo, kisha karibu kabisa. Jirani aliita mara moja, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyekuja kuomba chumvi. Aliita mara ya pili, polepole. Nyuma ya Bawabu wenzake walikuwa bado wanacheka, na mkuu wa zamu alikuwa akiwaonyesha kwa mkono wanyamaze.

Mtangazaji alikuwa katikati ya neno jirani alipoizima redio.