Barua ya Kifo cha Jovin

Mektrida alikuwa akimkatia ng'ombe mgomba kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwepo, ila tangu madaktari wamtoe titi la upande ule ulikuwa ukivimba kila akiulazimisha, kwa hiyo aliutumia kushikia tu. Panga lilipanda na kushuka, vipande vikaangukia horini, na ng'ombe, ambaye hajali nani mgonjwa na nani mzima, akavuta cha kwanza kabla hakijatulia. Mwezi wa kwanza majani ya Kirua Vunjo huwa yamekauka, na pumba ilikuwa imepanda bei mara mbili tangu Krismasi. Ng'ombe alikula mgomba bila kuuliza.

Leo Mektrida alikuwa na haraka. Kabla ya jioni alitakiwa awe na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema kwamba mume wake, Jovin, amefariki.

Jovin alifariki miaka saba iliyopita. Kaburi lake lilikuwa hatua ishirini kutoka bandani, katikati ya kahawa, lina vigae vyeupe na msalaba. Kijiji kizima kilimzika, na mtendaji mwenyewe alikula wali wa matanga sahani mbili. Lakini Jovin alifia nyumbani, na katika kilio hakuna aliyekumbuka kwenda kumwandikisha, kwa hiyo mbele ya serikali alikuwa bado mzima wa afya na mkewe hakuwa mjane. Padre alikuwa muungwana. Alisema kitabu cha mazishi kimo kabatini kwake na yeye hahitaji kuambiwa nani amekufa, ila fomu ya ndoa ni ya serikali na serikali inataka cheti. "Niletee hata barua ya mtendaji kufikia Alhamisi, nianze kutangaza Jumapili," alisema. "Cheti kitafuata."

Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu. Zikisha, ndoa, na siku chache baadaye Jumatano ya Majivu. Wakiikosa Jumapili hii, Kwaresima ingewafungia mlango mpaka baada ya Pasaka. Kwa mtu mwingine miezi mitatu si kitu. Mektrida alikuwa na kliniki mwezi wa tatu, ya kuangaliwa kama ugonjwa umerudi, na alitaka akiitwa kule ndani awe na mume nje kwenye benchi. Hilo tu ndilo alilotaka, wala hakuona aibu kulisema.

Mwanamume mwenyewe aliitwa Ildefonce, fundi seremala wa Rau. Walikutana hospitalini, yeye akimuuguza mkewe Veronika katika wodi aliyolazwa Mektrida. Kila siku saa nne aliingia na chupa ya uji. Veronika alipokufa, Ildefonce alizika, akakaa matanga, na wiki iliyofuata, saa nne, akajikuta amesimama tena mlangoni mwa wodi na chupa mkononi, hajui aipeleke wapi. Manesi waligeuza nyuso. Mektrida ndiye aliyemwita. "Baba, ukirudi nao utachacha. Nimiminie mimi." Akammiminia, huku analia wazi mbele za watu. Mapenzi yalikuja baadaye sana, na yalipokuja wote wawili walishangaa kwamba bado wana pa kuyaweka.

Ildefonce alifika saa mbili, na mzigo wa majani aliopakia kwenye pikipiki kutoka tambarare.

"Umekunywa dawa, Mama Gladness?"

"Nimekunywa. Na wewe umechelewa, fundi."

"Nilipita kwa shemeji yako Wilson alfajiri." Alikuwa anafungua kamba, na alisema kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana. "Nimempelekea isale."

Panga likasimama hewani.

"Isale la nini?"

"La heshima. Kuwaomba ukoo baraka, tusiende ofisini kama wezi."

"Ildefonce, isale hupelekwa na mtu aliyekosa. Ndiyo maana anayeletewa hawezi kulikataa. Wewe ulimkosea nini Wilson?"

"Babu alikuwa analitumia kuombea lolote..."

"Babu yupi? Wewe ni Mchaga wa lami. Isale umeliona kwenye uzio wa baa." Alicheka, kwa sababu uso wa Ildefonce ulikuwa unachekesha, kisha kicheko kikaisha. "Alilipokea?"

"Haraka sana."

Mektrida akaweka panga chini. Kila mtu aliyekulia mlimani anajua kwamba isale, jani lile refu linalozungushiwa vihamba, yale mashamba ya ukoo, na kupandwa makaburini, likifika mkononi mwa mtu limeshasema. Anayelipokea ana wajibu wa kusamehe, na aliyelileta ameshakiri. Wilson alikuwa kaka mkubwa wa Jovin, na tangu mazishi alikuwa akitafuta kosa lolote la kumshika nalo shemeji yake, asilipate.

Saa tatu walikuwa ofisini kwa mtendaji. Shedrack alikuwa kijana, shati limenyooshwa vizuri, simu mbili mezani. Katikati ya simu hizo na muhuri lilikuwa limelala jani la isale, limefungwa fundo. Wilson alikalia kiti cha wageni.

"Shikamoo mama," alisema Shedrack.

"Marahaba, mwanangu. Shikamoo shemeji."

"Marahaba," alijibu Wilson bila kumwangalia.

"Mama, mimi binafsi sina shida na wewe," alianza Shedrack. "Ile barua ni dakika tano tu. Ila sasa kuna ishu ya ukoo hapa, unaona mwenyewe."

"Aliyeleta isale amekiri," alisema Wilson. "Sasa ukoo unauliza, hili kosa lilianza lini? Jovin akiwa hai, amelala kitandani?"

Ildefonce aliinuka. "Mzee Wilson, mimi Jovin sikumjua hata sura. Nilidhani naleta heshima."

"Heshima ungeleta kibuyu cha mbege, pombe ya wazee."

Shedrack akafungua faili, akatoa karatasi iliyochapwa, akaisogeza polepole kwa kidole. Mektrida aliisoma yote kwa sababu alikuwa mtu wa kusoma yote, hata karatasi za dawa. Yeye Mektrida, kwa hiari yake, kwa kuwa anakwenda kuolewa nje ya ukoo, anarudisha kihamba cha marehemu Jovin pamoja na kahawa, migomba na nyumba, na hatakuwa na dai lolote, yeye wala mtoto wake.

"Hapa mmeandika marehemu," alisema.

"Eeh, si ni marehemu?" alisema Shedrack.

"Kumbe ofisi inajua."

Mektrida aliendelea kuiangalia ile karatasi, kisha akaweka kidole juu kabisa, penye tarehe.

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Isale limeletwa leo alfajiri. Hii mmeichapa tarehe ishirini."

Shedrack alichukua simu moja akaanza kusoma kitu ambacho hakikuwapo. Wilson ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi. "Shemeji, damu nzito kuliko maji. Mtu akitaka kuolewa aende salama, hatumzuii. Ardhi haiolewi."

"Na Gladness?"

"Gladness ni wa kike. Ataolewa."

"Mama, saini tu," alisema Shedrack. "Ukisaini nagonga muhuri sasa hivi, unaondoka na barua yako. Hutaki, basi nitasubiri muhtasari wa kikao cha ukoo."

"Kikao ni lini?"

"Watu wakirudi Krismasi."

Ndiyo kwanza Krismasi ilikuwa imeisha. Mektrida alichukua kalamu. Lazima isemwe kwamba alitaka kusaini, alitaka sana. Aliliona lile benchi la kliniki na mtu amelikalia, na akajiuliza kahawa ni nini na migomba ni nini kwa mtu ambaye hajui mwezi wa tatu ataambiwa nini. Halafu akamwona Gladness, wa mwaka wa pili chuo cha Dodoma, aliyechimba naye mashimo ya miche ya kahawa hiyo mwaka uliofuata baada ya kumzika baba yake, malengelenge viganjani, na ambaye kila usiku hutuma ujumbe, mama umekula? Mkono wake ulikuwa umeshaandika herufi M. Akaikata kwa mstari.

"Sisaini," alisema, akalaza kalamu juu ya jani.

Padre aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. Hakuwa na la kufanya, na alikuwa na huzuni ya kweli. "Mwanangu, bila karatasi siwezi kutangaza. Baada ya Pasaka tutajaribu tena."

"Padre, naomba kuuliza. Hayo matangazo ni ya nini hasa?"

"Ni ili jumuiya ijue, na mwenye kujua kizuizi ajitokeze aseme."

"Basi ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Aika, padre," alisema Mektrida, akashukuru kweli.

Walivuka mfereji wakishuka, na Ildefonce ndiye aliyeanza. "Nisingepeleka lile jani..."

"Karatasi ilikuwa ya juzi, Ildefonce. Wangetafuta jingine." Alimshika mkono hadharani, mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ila siku nyingine ukitaka kupeleka majani, mpelekee ng'ombe."

"Tungoje Pasaka basi."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mimi tumbo langu limeshaumia sana."

Saa kumi alikamua, na saa kumi na moja kasoro akawa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, yeye na ndoo yake, Ildefonce nyuma yake kwa sababu hakutaka kumwacha peke yake siku hiyo. Foleni ilikuwa ndefu, karibu wote wanawake, na nusu yao wajane. Wilson alikuwa amesimama watu watano nyuma, na galoni lake.

Monica, msichana anayepima maziwa, alitumbukiza kipimo chake, akatingisha kichwa kwamba hayana maji, akamimina, akaandika. "Lita sita na nusu. Anayefuata."

Mektrida hakuondoka. Aligeuka akawatazama watu.

"Jamani, naomba dakika moja. Padre amenyimwa karatasi ya kunitangaza, kwa hiyo najitangaza mwenyewe. Mimi Mektrida, mjane wa Jovin, nataka kufunga ndoa na huyu Ildefonce wa Rau, mgane wa Veronika. Mwenye kujua kizuizi, aseme."

Hakuna aliyetikisika. Mtu mmoja mbele akageuka kumwangalia Wilson, kisha wa pili, kisha foleni nzima. Wilson alifungua mdomo. Hapa hapakuwa na meza wala muhuri wala faili. Hapa ingembidi alitaje kihamba kwa sauti, mbele ya wanawake waliowazika waume zao katika vihamba vyao na bado walikuwa wanavilima. Aliinama, akakaza kifuniko cha galoni ambacho kilikuwa kimekazwa tayari.

Bibi Martha, ambaye hakuna harusi wala msiba wa Kirua uliowahi kumpita, alisubiri muda wa kutosha, kama wasubirivyo kanisani.

"Hilo la kwanza," alisema. "Yamebaki mawili."

"Kesho jioni, bibi, nasoma la pili," alisema Mektrida. "Wewe uwahi, ukae mbele."