Uvumba Uliotoka kwenye Transfoma

Zenebu, aliyekuwa akiwapikia wageni kahawa na kuwafukizia uvumba, aliona moshi unapanda, na uvumba bado ulikuwa ndani ya kopo, kopo lenyewe magotini pake. Wageni walifumba macho wakavuta pumzi. Mama Yeshimebet, mwenye kinu cha pilipili, alisema hajapata kunusa uvumba mtamu namna ile.

Katika karakana ya Mjomba Gebeyehu, pale sokoni Merkato, Addis Ababa, transfoma haikuuzwa mpaka inywewe kahawa. Ilifungwa kwenye mota, mota ikazungusha mzigo wake, na watu wakakaa kunywa. Baada ya kikombe cha tatu Mjomba aliweka kiganja juu ya chuma na kuomba baraka. Kiganja kikivumilia mpaka amina, mteja alibeba. Kabla ya kikombe cha tatu hakuna aliyeinuka. Ingekuwa kumtukana mwenye nyumba.

Mota ya kinu cha Mama Yeshimebet ilikuwa ndogo, ya nyaya tatu, na ilitaka umeme mdogo kuliko wa Addis. Mjomba alikuwa na transfoma mbili za kuifaa. Moja kubwa, ya kijani, aliyoinunua kwa sababu ya rangi. Nyingine ndogo, haina hata rangi, ilikuwa kwenye rafu. Ya kijani ikifaulu, alisema, ile ndogo kesho ataifumua auze shaba.

Zenebu alisikia hayo akamwaga kahawa nje ya kikombe. Ile ndogo aliisuka yeye, Jumapili baada ya Jumapili, kwa nyaya zilizobaki.

Sasa ya kijani ilikuwa inaungua vanishi ya nyaya zake, na angeweza kunyamaza tu iteketee, yake ipone. Lakini mota ya watu nayo ingeungua, na Fasika, yaani Pasaka, ilikuwa karibu, mji mzima unangoja pilipili.

"Mjomba," alisema kwa sauti ya kuku aliyelowa, "uvumba sijautia."

"Umetia wa kutosha, mwanangu. Usiongeze."

"Mwache aongeze," Mama Yeshimebet akasema. "Ubahili wa nini?"

Kinu kikaanza kukoroma. Mjomba akawatuliza kwamba mashine inashusha chakula. Zenebu akamimina kikombe cha tatu haraka, bila kungoja kahawa ichemke vizuri, na Mjomba akakimeza, akaweka kiganja. Baraka ile ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuomba. Amina ilitoka akiwa tayari ameshika swichi, anapuliza vidole.

"Rangi yake nzuri, lakini," alisema Mama Yeshimebet, kwa kumfariji.

Wakaifunga ile ndogo. Kahawa ikaanza upya, maana desturi ni desturi, na kufikia kikombe cha sita macho ya wageni yalikuwa yamewatoka kama ya bundi. Kinu kilisaga, watu walipiga chafya, mota iliimba. Mjomba akaweka kiganja. Akaomba baraka ndefu, akawataja mpaka majirani asioelewana nao. Kisha akalaza na shavu juu ya chuma.

"Vuguvugu tu," alisema. "Mnauona mkono wangu? Hii niliisuka mwenyewe. Lini, ndiyo sikumbuki."

Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama Yeshimebet akasema mikono kama hiyo haizaliwi tena.

Zenebu alikuwa anakusanya vikombe. Akaliweka sinia chini.

"Mjomba," alisema, "hiyo nimeisuka mimi. Wewe ulikuwa kanisani. Na nataka kusuka nyingine."