Kicheko cha Mgonjwa wa Kukodi

Kazi ya Yaarub ilikuwa kuumwa. Mwenyewe buheri wa afya, kifua kipana, meno yote kinywani, lakini kila Jumatatu asubuhi alitoka kwao Wattaya, mtaa wa Muscat, akaendesha gari mpaka chuo cha udaktari, akavaa lile vazi la wagonjwa linalofungwa nyuma, akaanza kuugua. Wiki hii ini, wiki ijayo mapafu. Chuo kiliwakodi vijana wenye ulimi mwepesi wajifanye wagonjwa, ili wanafunzi wajifunze kuzungumza na watu kabla hawajaachiwa watu wenyewe. Mama yake hakuielewa kazi hiyo, hata aelezwe vipi.

"Nimekuzaa mzima," akisema, "wewe kila siku unajitabiria maradhi. Istaghfiru!"

"Mama, nikiugua kweli nitakuwa nna uzoefu."

Mwaka 2005 wakaja wanafunzi wanne kutoka China, kwa muhula mmoja. Watatu walikuwa wachangamfu, wakipiga picha na kila mtende. Wa nne alikuwa binti mmoja mwembamba, miwani mizito, jina lake Guo Peiwen. Wenzake walimwita Pei. Yaarub, kwa kuwa hawezi kuona jina likapita salama, alimwita Bei Gani.

Kwa kusoma picha za kifua, Pei hakuwa na mpinzani. Mifupa aliijua kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yao. Tabu ilianza pale mgonjwa alipolia. Mgonjwa akilia, Pei alikaa kimya, akamtazama, kisha akamwambia kwa upole: "Kunywa maji ya moto."

Maji ya moto! Muscat, mwezi wa Juni, ambapo bomba la maji baridi lenyewe linatoa chai isiyo na majani.

Kwenye mtihani wa kwanza wa mazungumzo akafeli. Siku hiyo hiyo, mkahawani, Yaarub aliukausha uso wake, akaazima miwani ya mtu, akaanza.

"Baba yako amefariki? Kunywa maji ya moto. Nyumba imeungua? Maji ya moto. Mke amekukimbia? Basi kunywa vikombe viwili."

Meza nzima ikacheka hata mmoja akapaliwa na sambusa. Kisha kicheko kikakatika upande mmoja, kama taa zinavyokatika mtaa mmoja mmoja, na Yaarub akageuka. Pei alikuwa nyuma yake, sinia mkononi.

Yaarub alitegemea Pei atakimbia, au atalia, au atammwagia mchuzi. Pei alivuta kiti akakaa.

"Sasa niseme nini?" akauliza. Walizungumza Kiingereza, yeye cha vitabuni, Yaarub cha televisheni. "Nina nafasi moja tu iliyobaki. Nikifeli tena narudishwa nyumbani, narudia mwaka mzima. Wewe unajua kulia. Nifundishe kumjibu anayelia."

Yaarub akaona haya, jambo ambalo hakulizoea. Akakubali.

Wakawa wanakutana kwenye ukumbi wa chini, palipo na kiyoyozi kizuri.

"Kwanza kichwa. Kiinamishe hivi, kama mtu anayesikiliza redio yenye mkwaruzo. Mkono kifuani. Sauti ishuke, halafu useme: Naelewa ilivyo vigumu kwako."

"Lakini sielewi," Pei akasema. "Mtu namwona leo. Nitaelewa vipi?"

"Hakuna aliyekwambia uelewe, bibi we. Wewe useme tu."

"Kwetu mtu akipata habari mbaya tunakaa naye, tunampa kitu cha moto ashike. Ukianza kusema unamkatiza."

"Hapa ukikaa kimya watadhani umesinzia. Haya, kichwa!"

Pei akainamisha kichwa. Akarudia, akarudia tena, kwa bidii ile ile aliyojifunzia mifupa.

Siku ya mtihani wa marudio Yaarub alipangiwa kuwa kijana anayengojea nje ya chumba cha upasuaji, na daktari anakuja kumwambia kuwa baba yake hakutoka salama. Pembeni alikaa Daktari Mahbuba, mzaliwa wa Unguja, mwanamke aliyekwisha kufaulisha na kufelisha nusu ya madaktari wa mji huu, na wote, waliofaulu na waliofeli, wakimwamkia kwa adabu moja.

Pei akaingia, akakaa, akatoa habari bila kuzungusha. Safi. Yaarub akatetemesha mdomo. Kwa kawaida, ili machozi yaje, alikuwa akikumbuka timu yake ilivyofungwa fainali. Alikuwa ameshafika penalti ya mwisho pale Pei alipoinamisha kichwa.

Kilikuwa kichwa chake yeye, Yaarub. Pembe ile ile. Mkono ukapanda kifuani, upande usio na moyo. Sauti ikashuka, na kabla ya maneno kikatoka kikohozi kidogo, kile ambacho Yaarub mwenyewe hukohoa bila kujua. "Naelewa," akasema Pei, kwa lafudhi ya Wattaya tupu, "ilivyo vigumu kwako."

Yaarub akauma mdomo. Akafumba macho, ikawa mbaya zaidi. Akajaribu kuipata tena ile penalti, hakuipata. Kicheko kikatoka tumboni, kikampita kooni, kikajaa chumba kizima.

Nimemwangamiza mtoto wa watu, akawaza, na bado akacheka.

Mkono wa Pei ukashuka, kichwa kikanyooka. Akavuta kiti karibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Cheka," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Usijizuie. Baba yangu naye alicheka siku alipoambiwa mama amefariki. Majirani walimkasirikia. Mimi pia nilimkasirikia, nilikuwa mdogo. Nipo hapa."

Basi. Hakuongeza neno, wala hakuitazama saa ya ukutani. Alikaa tu.

Kicheko kikaendelea, lakini sasa hakikuwa na wa kumcheka, kikawa kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Na hapo Yaarub akamkumbuka baba yake, yule wa kweli, aliyefariki yeye akiwa skuli, mwaka wa mwisho. Siku za matanga alipokea wageni mlangoni na mzaha kwa kila mmoja, na watu wakasema mashaallah, kijana jasiri huyu, wakapita kwenda kukaa na mama yake. Nani akae na mtu anayechekesha? Machozi yaliyokuja hayakuwa ya fainali. Alilia kwa sauti mbaya, pua inatiririka, bila ufundi wowote.

Kengele ikalia, Pei akatoka. Daktari Mahbuba akamgeukia Yaarub.

"Kile kicheko nani kakwambia? Kwenye maelekezo yangu hakimo."

Yaarub akajifuta pua.

"Nisikilize, mwanangu. Kama uliigiza, umeigiza vizuri, na huyu binti nampasisha, maana sijapata kuona mwanafunzi anayejua la kufanya na mgonjwa anayecheka. Kama ulikuwa ukimcheka yeye, umeuharibu mtihani wa mtu na kazi huna. Ipi?"

Jibu la kwanza lilikuwa limeshavaa viatu, linangoja kutoka. Lingemfaa Pei, lingemfaa na yeye. Lakini lile jibu lingesema kuwa hata kilio kilikuwa mchezo, na Pei alikaa na mtu anayeigiza.

"Mwanzo nilimcheka, Daktari. Ile kuinamisha kichwa nilimfundisha mimi. Halafu akaniachia nicheke, nikajikuta nnamlilia baba yangu. Hiyo ya pili sikuigiza. Mimi nipe adhabu, lakini aliyonifanyia yeye yalikuwa ya kweli."

Daktari Mahbuba akavua miwani.

"Yale maneno uliyomfundisha nampa sifuri. Maneno ya muuza magari yale."

"Na kukaa?"

"Kukaa, kwenye fomu hii hakuna pa kukuandika." Akashika kalamu. "Itabidi nipatafute. Anapasi. Na wewe Jumatatu usije."

"Nimefukuzwa?"

"Nimekupa likizo. Mtu aliyefiwa hapewi kazi ya kufiwa."

Nje, Pei alikuwa ameegemea ukuta, kalamu ameiuma hata imepinda.

"Umepasi," Yaarub akamwambia.

Pei akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. Alipoyafumbua hakuuliza alama.

"Baba yako," akasema, "yule uliyemlilia, alipenda kula nini?"

Yaarub akatafuta mzaha, hakuuona upesi.

"Samaki. Akichoma mwenyewe kila Ijumaa, na kila Ijumaa akiunguza. Sote tukila tukimsifu."

"Kwa nini mkimsifu?"

"Kwa sababu alikuwa akitutazama tukila."