Nitakaa Nikishakumbuka

Mwaka wa tisini na tatu, serikali ilipotangaza kupunguza watu kazini, mkwe wangu Edna alikuwa karani wa masijala. Makarani walikuwa tisa, wangebaki wawili. Kila mmoja angeulizwa namba za mafaili mbele ya wakubwa, bila kutazama popote.

Mwanangu Rupert akamfungia mkewe chumbani na daftari la namba hizo. Asitoke, asilime, asome tu. Siku ya nne nikamkuta Edna analia. Namba alizozishika miaka sita zilikuwa zimemtoka, hata ya faili la likizo hakuijua. Hali, halali.

Mimi niliishia darasa la nne, ila nakumbuka: nikisimama mbele ya mwalimu mwenye fimbo, jedwali lote la kuzidisha linayeyuka. Nikifika nyumbani nikashika mchi, linarudi lenyewe.

Asubuhi nikampa Edna jembe twende shamba la Matogoro. Rupert akatufuata uani, akasema mtihani haufanywi kwa jembe.

"Wewe umemfungia siku nne kama kuku anayeatamia," nikamwambia. "Ameangua nini?"

Tukaondoka. Kutoka kwetu Bombambili, hapa Songea, mpaka kule ni mwendo, na mwisho ni kilima. Nikayatega mafaili njia nzima.

"Kitendawili."

"Tega, mama."

"Sina gari, sina miguu, lakini nimempeleka mwalimu Tunduru."

"Uhamisho. Mia mbili na kumi na nne."

Akishindwa kukumbuka, ananipa mji. Siku ya kwanza nilichukua Mbinga, Njombe, mpaka Dar es Salaam. Tunapanda, tunahema, tunacheka. Wiki ya pili sikupata hata Peramiho, na Edna alikuwa analala fofofo.

Siku ya mtihani nilikaa nje, chini ya dirisha. Swali la kwanza, kimya. La pili, kimya. Mara nikasikia kiti kinasogea, halafu viatu: ko, ko, ko, anatembea chumba kizima. Mkubwa mmoja akamwamuru akae.

"Nitakaa nikishakumbuka, mzee," Edna akasema, na viatu havikukoma. "Likizo, mia mbili na tisa. Uhamisho, mia mbili na kumi na nne." Akazimwaga zote.

Akabaki kazini. Jioni Rupert akajigamba kwamba daftari limesaidia.

"Kitendawili," Edna akamwambia.

"Tega."

"Nimefungiwa nikasahau, nikafunguliwa nikakumbuka."

Rupert akainamia sahani yake. Mwishowe akatoa mji: Songea.

"Huo nimeshauchukua kwa miguu yangu," Edna akasema. "Toa mwingine."