Kichuguu cha Akumu

Oketcho hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na plau, wala baba, wala mke, wala kaka wa kumsimamia barazani. Viatu pia hakuwa navyo, lakini hilo halikuhesabiwa, kwa kuwa miaka ile ya pamba ya serikali kijiji kizima cha Kirewa kilitembea pekupeku. Kilichomuuma kuliko vyote ni kumkosa mama yake. Baba yake Oketcho alipofariki, mdogo wake marehemu, Owor, alidai kile kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, na katika nchi ile mwenye kichuguu ndiye mwenye kiwanja. "Nitarudi kikiwa chetu," alisema mama, Akumu, akajitwika kikapu chake na kwenda kwa ndugu zake Lumino.

Wazee waliiamua kesi kama wanavyogawa fahali: huyu kichwa, yule paja. Oketcho akapewa kumbikumbi, Owor akapewa uyoga, na wazee wakaenda zao wameridhika. Kesho yake Owor akakizungushia kichuguu uzio wa miiba.

"Uyoga wangu usikanyagwe," alisema.

Mvua ikanyesha. Kumbikumbi wakaruka, na Oketcho akabaki nje ya miiba akiwatazama wakidonolewa na kuku wa jirani. Alikasirika sana. Halafu likamjia wazo, akacheka peke yake. Asubuhi akaenda kwa Matayo, chifu wa muluka, yaani wa kata yao, akamwomba aje na wazee washuhudie jambo.

"Baba mdogo," alisema walipokusanyika, jembe likiwa begani, "leo nahamisha mali yangu. Nachimba mchwa wote pamoja na malkia wao. Uyoga nakuachia."

Owor alicheka hadi akashika mbavu. "Chukua! Chukua na wajomba zao! Hao wamenilia paa zima. Tangu lini uyoga ukamhitaji mchwa?"

"Chifu, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Matayo. "Chimba."

Oketcho akakata ubavu wa kichuguu. Fukuto likatoka. Ndani ya kijichumba kulikuwa na kitu cha kijivu chenye matundu kama sega la nyuki, kimejaa punje nyeupe ndogo kuliko mtama, na mchwa wakihangaika juu yake kama wanawake kwenye palizi.

"Hili ni shamba," alisema. "Mchwa wanaleta vijiti na majani makavu, wanatafuna, wanajenga sega. Uyoga unakua humo, unaulainisha ule mti mgumu, ndipo mchwa wanaweza kuula. Mama alinionyesha. Punje hizi, baba mdogo, ndizo uyoga wako. Nikimwondoa mkulima, nani atakulimia?"

"Maneno matupu!" alisema Owor. "Uyoga huletwa na radi."

Nyuma yake mkewe, Akello, akaguna. "Basi radi imetususa. Kile kichuguu chetu ulichokimwagia maji ya moto, baba watoto, kimeota uyoga lini tena? Si mimi ninayeombaomba kwa watu?"

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja wao akafuta machozi, akasema, "Jamani, fahali hugawanywa akishachinjwa. Huyu wetu yu hai!"

"Tulikosea," alisema Matayo, naye hakuona haya kulisema. "Mchwa na uyoga wanalishana, hawagawanyiki. Kichuguu chote ni cha Oketcho na mama yake. Oketcho, rudishia udongo. Owor, ng'oa miiba, kwa mikono yako."

Owor aking'oa, Akello akamwonyesha kila mwiba aliousahau. "Na ule pale, baba watoto. Na ule."

"Mama mdogo," Oketcho alimwambia, "uyoga ukichipuka, lete kikapu."

Jua lilikuwa bado juu alipoketi na penseli. Aliandika: *Mama, kichuguu ni chetu, uyoga na kumbikumbi. Uzio ameung'oa mwenyewe, watu wote wakiona. Njoo kabla mvua haijakatika.* Akaikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akalamba gundi yake, akaibana kwa ngumi mpaka ikashika barabara. Kisha akakimbia hadi njia kuu na kuikabidhi barua kwa dereva wa lori la pamba lililokuwa likielekea Lumino.