Maneno Yaliyonyooshwa

Mhariri alikuwa hajamaliza hata ukurasa wa kwanza, na dada yake alikuwa ameshaanza kukasirika. Ukiwa na kaka anayelipwa mshahara kusahihisha lugha za watu, hasira haiko mbali.

Jana yake walikuwa wamemzika baba yao, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Spana. Mama hakufika makaburini. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta tangu ateleze bafuni, na kwa ajili ya mguu huohuo hakuwahi kumwona mumewe hospitalini. Sasa alikuwa sebuleni, mguu juu ya stuli, akisubiri kitu kimoja tu: kuambiwa mumewe alisema nini kabla ya kukata roho. Aliyekuwa kando ya kitanda ni Mhariri peke yake. Dada yake, msusi, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alifika akakuta shuka limeshafunika uso.

Kwa hiyo Mhariri alikuwa anamsomea mama wasifu aliouandika kwa siku mbili na kuusoma makaburini. Humo baba hakuwa fundi. Alikuwa "mtaalamu wa mitambo ya magari". Kitinda, ambaye makaburini hakuusikia vizuri kwa kulia na sasa alikuwa anamchana mama yake nywele, akavumilia. Akavumilia na "mlezi mahiri". Hatimaye kaka mtu akakohoa na kushusha sauti.

"'Katika dakika zake za mwisho, marehemu aliagiza: Mwambie mama yako kwamba ninamthamini kwa dhati, na kwamba sina kinyongo naye.'"

Uso wa mama ukasawajika.

"Kwa hiyo amekufa amenikasirikia," alisema.

"Mama! Si amesema hana kinyongo?"

"Nimemsikia alichosema."

Mhariri hakuelewa. Kitinda alielewa palepale, na hasira zikampanda hadi utosini. Kaka yake alipelekwa shule ya bweni angali mdogo, akawa anarudi likizo kama mgeni, anapikiwa vizuri na watu wanajikaza mbele yake. Hakujua kwamba katika nyumba hii Kiswahili fasaha kilikuwa cha ugomvi. Siku za amani baba aliingia na grisi yake hadi kwenye viwiko, akipiga kelele: "We Chuma, kuna chai humo au nikanywe oili?" Chuma ndiye mama. Lakini siku aliyonuna, alikaa wima kama yuko mbele ya hakimu na kusema, "Naomba unipatie chai, endapo ipo." Kitinda akisikia hiyo "endapo" tu, alitafuta pa kujificha.

Asubuhi baba aliyotoka nyumbani kwa mara ya mwisho, kabla ya kupelekwa hospitalini kutoka kazini, ilikuwa ya namna hiyo. Mama alimgombeza asiende kulala chini ya malori huku kifua kinambana. Alimwita mkaidi, akamwita na mengine yasiyotajika. Baba akavaa viatu, akafika mlangoni, akasema, "Nakushukuru kwa ushauri wako." Hiyo ndiyo sauti ya mwisho aliyomwachia, na leo mwanawe alikuwa amemletea nyingine kama ile.

"Kaka," Kitinda akauliza, "hivi baba alisema 'kwa dhati'?"

"Alisema maana hiyo."

"Maana sijakuuliza. Alisemaje?"

"Ilikuwa lugha ya mazungumzo tu. Nisingeweza kuiandika vile. Wakubwa wangu wa kazini walikuwepo pale makaburini."

"Vile vipi?"

"Isiyo rasmi. Misimu. Lugha ya mtaani, ya kijiweni. Si unamjua baba?"

"Mimi namjua! Wewe ndiye humjui!" Kitinda alitupa chanuo mezani. "Haya, hapa hakuna mkubwa wako. Tuambie. Alipomtaja mama, alimwitaje? Alisema Chuma?"

Mhariri akaitazama karatasi yake, na karatasi haikuwa na la kumsaidia.

"Alikuwa anaongea kwa shida," alisema polepole. "Nikawa naandika kwenye simu huku ananiambia, na nanyoosha hapohapo. Mazoea ya kazi. Sasa kila nikijaribu kukumbuka, nasikia nilivyoandika mimi."

"Ina maana maneno yake huna?"

Kaka mtu akatikisa kichwa.

"Una jina la kila namna ya kuongea! Rasmi, isiyo rasmi, ya mtaani, sijui ya kijiweni! Umebandika lebo chupa nzima, na dawa umeimwaga! Mama anataka maneno, wewe unamletea majina ya maneno!"

Mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka. Angemnasa kibao, tena cha haki kabisa, kama mama asingekuwa anawatazama. Mhariri alikuwa ameanza kutoka jasho.

"Subirini. Nadhani alisema... 'Mwambie Chuma poa tu. Mwambie... asinune, mambo yameisha.' Ndiyo. Kitu kama hicho."

Maneno yalimtoka mdomoni yamebanwa, kila moja peke yake. Hata hivyo mama alinyanyua uso, na kwa kitambo kidogo ukawa uso wa mwanamke anayesikia viatu vya mumewe nje ya mlango.

"Alicheka aliposema?" akauliza.

"Alicheka," Mhariri akajibu, upesi mno. "Ndiyo, alicheka. Nadhani alicheka."

Mama akanyoosha mkono, akamshika kiganja.

"Basi, mwanangu," alisema. "Mume wangu mmemzika bila mimi kumwona. Usinitungie mwingine."

Hapo ndipo Mhariri alipolia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, na Kitinda hakumbembeleza.