Kakakuona wa Zipora

Mama mwenye mtoto mchoraji, shika mwiko wako, brashi iache. Ruthu wa Mkonze hakupata wa kumwonya.

Binti yake, Zipora, alimchora kakakuona mkubwa kama mbuzi, magamba utadhani yatakukwaruza. Kesho yake picha ilitakiwa ukumbini Chimwaga, kwenye maonyesho ya wanyama wanaokaribia kutoweka. Akaiegemeza barazani ikauke, akaenda dukani.

Jirani yao, mzee Nikodemo, akapita, akavua kofia. Kwao kakakuona akionekana huwekewa maji, mtama na mkuki. Atakachokielekea ndicho kinachotabiri mwaka: mvua, shibe au vita. Chai haijachemka, baraza imeshajaa majirani, kibuyu cha maji, ungo wa mtama na mkuki wenye kutu.

"Mama Zipora, mbona binti yako kamwelekeza mkukini?"

"Hiyo ni picha, mzee wangu! Si uusogeze huo mkuki?"

"Hee! Kakakuona hadanganywi. Mvua ikigoma, tutajua pa kuuliza."

Wakaenda kula. Ruthu akabaki na picha. Mwanawe aje asemwe kwamba kafunga mvua? Akachovya brashi, akamchorea mnyama kichwa kipya, kinatazama kibuyu. Cha zamani kikagoma kufutika.

Zipora akarudi. "Shikamoo ma... Mama! Vichwa viwili?"

"Marahaba. Kimoja cha akiba."

"Porini wamebaki wachache, nawe unawaharibu hata kwenye picha! Kesho napeleka nini?" Akaketi chini, machozi yakamtoka.

Ruthu akaleta kitambaa na mafuta ya taa, akasugua. Vichwa vyote viwili vikawa doa moja la kahawia. Zipora akalitazama sana lile doa. Mara akainuka, akaanza kupanga magamba juu yake, moja baada ya jingine, mpaka mnyama akawa duara kama mpira.

Jioni mzee Nikodemo akarudi. "Kichwa kiko wapi?"

"Shikamoo, babu. Amejikunja. Ndivyo afanyavyo akiogopa. Mmemjia na mkuki, mlitaka awachekee?"

"Sasa mwaka utakuwaje?"

"Limeni, mtauona."

Mzee akauchukua mkuki wake, akaondoka nao ameuficha mgongoni kama kuku wa wizi.

"Mama, njoo tuiingize ndani," Zipora akaita. "Shika kwa mikono yote miwili, niione haina brashi."